Mwaka Tuliofumua Sweta ya Bwana Juma

Wiki iliyopita tulimzika dada yangu Nyadoi huko Mukuju, mvua ikinyesha tangu jeneza linatoka ndani hadi udongo wa mwisho. Waombolezaji walipotawanyika, sisi wa karibu tulijibanza jikoni kando ya mafiga, nguo zetu zikitoa mvuke. Adongo, binti wa marehemu, ambaye sasa naye ana wajukuu, aliniletea uji wa wimbi akakaa karibu nami. Akasema, "Mama mdogo, mama alikuwa akiniambia kwamba mimi nimeponea ndani ya sweta ya mtu. Nikimwuliza ya nani, ananiambia nikuulize wewe. Miaka yote nimeogopa kuuliza. Sasa nauliza." Nikaanza kumweleza, lakini wageni waliingia kuaga, mara ng'ombe wamekata kamba, mara mtoto anataka kulala, na maneno yangu yakakatika vipande vipande. Ndiyo maana ninaandika. Sisi tulioujua mwaka ule tumebaki wachache, na kati ya waliokuwa ndani ya chumba kile nimebaki mimi na yeye, na yeye alikuwa hajafumbua macho.

Ulikuwa mwaka wa vita, vile vita vya wazungu vilivyochukua vijana wetu. Mimi nilikuwa msichana nisiyeolewa bado, ninakaa Tororo mjini kwa Bi Zuhura, fundi wa cherehani, nikimsaidia kazi za nyumbani na kujifunza kushona. Nyumba yake ilikuwa nyuma ya soko, ya vyumba viwili na ukumbi mwembamba, bati lake limetoboka hapa na pale. Chumba cha mbele kilikuwa cha cherehani ya mkono na benchi la wateja. Cha nyuma kilikuwa na kitanda cha kamba, sanduku la bati lililopakwa rangi ya kijani, na mswala uliokunjwa juu ya sanduku hilo. Mimi nililala ukumbini. Asubuhi tulikunywa chai ya tangawizi kwa sukari guru, maana sukari nyeupe tulikuwa tumeisahau, tukala mihogo ya kuchemsha. Mchana ulikuwa ugali wa mtama na kunde. Bi Zuhura alizaliwa mjini, babu zake wakiwa wamefika huku na misafara ya biashara, na Kiswahili chake kilikuwa kizuri kuliko cha sote pale mtaani. Mimi nilikuwa nasema "ile mtu" na "hii watoto," naye hakunicheka. Alirudia tu sentensi yangu ilivyopasa, polepole, huku mkono wake ukizungusha gurudumu la cherehani.

Watu wa siku hizi hawawezi kujua maana ya kukosa nguo. Nikienda Busia sokoni ninasimama mbele ya marundo ya mitumba, sweta za watoto zimelala chini kama magunzi, za nchi zenye theluji, na mama mmoja anazikanyaga akitafuta ya rangi anayoipenda. Mwaka ule Wahindi madukani walikuwa na rafu tupu. Merikani haikuja. Blanketi haikuja. Tuliambiwa kila kitu kinakwenda vitani. Watu wa vijijini walirudia magome ya miti, wengine walitoboa gunia sehemu tatu wakalivaa, na baadhi ya wanawake waliacha kwenda kanisani kwa aibu. Na mwaka huohuo ndipo mvua ilipoamua kutoondoka. Ilinyesha masika yote, ikapitiliza hadi miezi ambayo tumezoea jua, na kulikuwa na siku ambazo mwamba wa Tororo hatukuuona kabisa, ukungu umeulala. Barafu ya mvua ya mawe ilikaa kwenye majani hadi saa nne za asubuhi. Kuta za udongo zilinyonya maji zikaporomoka. Wazee walikufa kwa vichomi, na watoto zaidi.

Bi Zuhura akawa fundi wa kutengeneza kitu kutokana na si kitu. Alifungua mifuko ya unga, akaifua mpaka maandishi yakafifia, akaishona mara mbili mbili, na katikati tukajaza pamba. Pamba ilikuwepo, maana wakulima walikuwa na mizigo iliyolowa mvua ambayo ginari, kiwanda cha kuchambulia pamba, haikuitaka. Tuliichambua mbegu kwa vidole, tukaikausha juu ya ungo kando ya jiko, tukaichapa kwa fimbo ikaumuka. Halafu alipitisha uzi mrefu wa mraba kwa mraba ili pamba isikimbilie pembeni. Yeye aliiita lihafu. Wateja waliiita blanketi ya Zuhura. Alinifundisha pia kufuma. Sindano tulizitengeneza kwa spoki za baiskeli, tukazisugua juu ya jiwe mpaka ncha zikawa laini, na uzi tuliupata kwa kufumua soksi na fulana zilizochakaa. Nilifuma nikafumua, nikafuma nikafumua, hadi vidole vyangu vikajua vitanzi vyenyewe bila macho.

Ndani ya lile sanduku la kijani kulikuwa na sweta ya Bwana Juma, mumewe. Bwana Juma alikuwa dereva. Kabla ya vita alipakia chumvi na samaki wakavu kati ya Busia na Tororo, na vita vilipoanza akachukuliwa kuendesha malori ya jeshi huko kaskazini. Mapema mwaka ule, mwenzake aliyekuwa naye barabarani alikuja na mfuko wa turubai, akakaa kwenye benchi la wateja, akasema kwamba lori la Bwana Juma liliungua moto na yeye alikuwa ndani. Mfuko wa Juma ulikuwa umebaki kwenye lori jingine. Ndani mlikuwa na wembe, kofia, na sweta ya jeshi ya sufu nzito, rangi ya majani makavu. Bi Zuhura alimpa mgeni chai, akamsikiliza hadi mwisho, akamwuliza kama alimwona Juma kwa macho yake. Yule bwana akasema hapana, moto ulikuwa mkubwa, hakuna aliyeweza kukaribia. Bi Zuhura akasema, "Basi hujui." Na kuanzia siku hiyo alikataa kukaa eda. Shehe alikuja kumwomba, dada zake wa Busia walikuja kumlilia, yeye akaendelea kushona na kuweka sahani ya pili chakula kinapopakuliwa. Kila Ijumaa baada ya swala alitoa ile sweta, akaitundika juu ya kamba mle chumbani ipigwe na hewa, kisha akaikunja tena. Nilisikia wanawake wa mtaani wakizungumza kibarazani wakisubiri nguo zao. Mmoja alisema Zuhura anajiletea balaa, kwamba msiba ukifukuzwa mlangoni huingilia dirishani. Mwenzake alisema si balaa, ni kichwa kimempotea. Cherehani ilinyamaza kidogo, halafu ikaendelea.

Nyadoi alifika katikati ya mvua zile, amebebwa nyuma ya baiskeli na shemeji yake. Mumewe, Owor, alikuwa ameshachukuliwa jeshini. Ukuta wa nyumba yake ulianguka upande wa kitandani, na mimba yake ilikuwa bado haijafika wakati wake, lakini uchungu ulikuwa umeanza njiani. Shemeji alimteremsha mlangoni kwetu kwa sababu hakuweza kusukuma baiskeli zaidi kwenye tope lile. Bi Zuhura hakuuliza huyu ni nani. Alitandika lihafu juu ya kitanda chake mwenyewe, akanituma nikamwite nesi wa zahanati. Tuliporudi, mtoto wa kwanza alikuwa amezaliwa, na nesi aliwahi wa pili. Walikuwa wasichana, kwa hiyo majina yao yalikuwa tayari, Apio aliyetangulia na Adongo aliyefuata. Kwetu Wajopadhola mapacha huimbiwa. Wanawake hucheza, hutukana kwa furaha, ukoo mzima hukusanyika. Pale hakuna aliyeimba. Walikuwa wadogo kama watoto wa paka, ngozi yao nyekundu, inaonyesha mishipa, na sauti yao ilikuwa kama mlango unaohitaji mafuta. Nesi alikuwa mama mwema na aliyechoka. Aliosha mikono, akatuambia kwamba hakuna dawa ya kuwapa, na pale zahanati wagonjwa wanalala chini kwenye sakafu ya saruji. Akasema, "Hawa wanahitaji joto na maziwa. Joto kwanza." Kisha akamwangalia Bi Zuhura kwa namna ambayo mimi, pamoja na ujinga wangu wote, niliielewa: hakutarajia wataishi.

Tukaanza kupigania joto. Mpaka leo nikisikia mtu akisema neno hilo mwili wangu hukumbuka. Nyadoi alikuwa na homa na tetemeko, hivyo hakuweza kuwashika muda mrefu. Tulipokezana, mtoto mmoja kifuani kwa Bi Zuhura, mwingine kifuani kwangu, ngozi kwa ngozi, tumefungwa kanga juu yake. Tulipasha mawe jikoni tukayaviringisha matambara. Tuliwafunika pamba. Lakini pamba ina ubaya wake, na sisi tuliokuwa tukiisifu kwa wateja tuliujua vizuri. Ikilowa, haina joto tena. Mtoto akikojoa, ile pamba ilikuwa kama tope kwenye mgongo wake, na kwa mvua ile hakuna kilichokauka. Tulikausha juu ya jiko nguo zikanuka moshi, nyingine zikaungua. Kuni zenyewe zilikuwa mbichi. Nilivunja miguu ya benchi la wateja tukaitia motoni, na Bi Zuhura aliitazama ikiungua. Maziwa ya mama yao tuliyakamua kwenye kijiko, tukayadondosha mdomoni kwa utambi wa pamba, na mara nyingi yalitoka pembeni. Chakula chetu wenyewe kilikuwa uji, asubuhi na jioni, kwa sababu hakuna aliyekuwa na mikono miwili mitupu ya kusonga ugali.

Ijumaa ilipofika, sweta ilitolewa sandukuni ikatundikwa kwenye kamba kama desturi. Kamba ile ilipita juu ya kitanda alicholala Nyadoi. Dada yangu aliitazama alasiri nzima. Mimi nilimjua. Kutazama kwake kulikuwa kuomba. Jioni, tulipokuwa tunakunywa uji, nilishindwa. Nilimwambia Bi Zuhura kwamba sufu hata ikilowa inashika joto, kwamba yeye mwenyewe ndiye aliyenifundisha hivyo. Nilikuwa nimempa hoja badala ya kumwomba. Nilisikia aibu mara ileile, lakini nilikuwa na Adongo kifuani na miguu yake ilikuwa baridi kama chura. Bi Zuhura aliweka kikombe chini. Alisema, "Ile ina mwenyewe, Athieno." Akainuka, akaikunja, akaifungia, akarudi kumchukua mtoto kutoka kwangu kwa sababu zamu yangu ilikuwa imekwisha. Wala hakumshika kwa hasira. Hilo ndilo lililoniliza, kwamba alimpokea mtoto kwa upole uleule.

Asubuhi iliyofuata Apio alikuwa na rangi ya majivu kandokando ya mdomo. Hakutaka utambi wa maziwa. Nyadoi alijitahidi kuketi, akashindwa, akamwambia Bi Zuhura kwa Kiswahili chake cha shamba, "Mama, mimi nakufa, sawa. Hii watoto, usiache wanakufa na baridi. Wanakufa na kitu kingine, sawa. Si na baridi." Bi Zuhura alitoka nje, akasimama kibarazani, mvua ikimrukia miguuni. Sijui alikaa kwa muda gani. Aliporudi alikuwa na ile sweta begani na wembe wa Bwana Juma mkononi. Akaketi sakafuni karibu nami, akaigeuza sweta ndani nje, akatafuta mwanzo wa uzi shingoni, akaukata. Akasema, "Shika huku. Usivute kwa pupa. Ukikatika tutafunga mafundo, na mafundo yatamwumiza mtoto."

Nimefumua nguo nyingi maishani mwangu, lakini ile ndiyo niliyoisikia. Kila safu ilipotoka ilitoa sauti ndogo, na uzi ulikuja umejikunja kama nywele, ukinuka petroli na tumbaku. Bi Zuhura aliuzungusha kwenye kiganja ukawa mpira. Alianza kumzungumzia mumewe. Hakuwa akitusimulia sisi hasa. Alisema Juma alikuwa mtu wa kusikia joto, kwamba alipokuwa akiendesha alivua shati, na alipokabidhiwa sweta hii lazima alicheka. Alisema walipooana alimwahidi kumpeleka kuona bahari ambako babu zao walitoka. Alisema Juma alikuwa na kovu kwenye kiwiko, na tulipofika kwenye mikono ya sweta alitua, akakigusa kiwiko cha kushoto kilichokuwa kimesagika, halafu akaendelea kufumua. Kifua kilipokwisha, sweta haikuwa sweta tena. Wakati huo ndipo alipolia, kwa sauti ya chini, uzi ukiendelea kuzunguka mkononi mwake. Nyadoi naye alilia kule kitandani. Mimi nilifuma. Hatukuuosha uzi wala kuunyoosha, hapakuwa na muda. Tulifuma ukiwa umejikunja hivyohivyo, yeye akafuma ya Apio na mimi ya Adongo, vifuko tu vyenye tundu la kichwa, vimefungwa chini kama mfuko wa tumbaku ili miguu isitoke.

Ya Apio iliwahi, kwa sababu mikono ya Bi Zuhura ilikuwa myepesi na kwa sababu mtoto huyo ndiye aliyekuwa na haja zaidi. Tulimvika kabla jua halijatua. Akapata joto. Hilo nataka Adongo alijue, kwamba dada yake alipata joto. Nilimgusa tumbo nikalisikia, na mdomo wake ukarudi kuwa mwekundu kidogo, akanyonya utambi mara moja. Lakini kifua chake kilikuwa kimechoka zamani. Kulipokucha, akiwa mikononi mwa mama yake, aliacha kupumua. Nyadoi hakupiga yowe. Alimlaza mapajani, akafungua fundo la chini, akavua ule mfuko wa sufu taratibu kama mtu asiyetaka kuamsha mtoto, akanipa. Akaniambia nimfumie mwenzake kofia na soksi. Bi Zuhura alifungua sanduku akatoa kanga yake ya harusi, ambayo hakuna mtu mtaani aliyewahi kumwona nayo, akaikata katikati, akamviringisha marehemu. Shemeji alikuja na baiskeli akamchukua kwenda Mukuju azikwe kwao. Mimi nilimsindikiza mpaka mwisho wa soko. Niliporudi nilimkuta Bi Zuhura amevua bangili na hereni, amejifunga nguo nyeupe, ameketi kwenye mswala chumba cha nyuma. Aliniambia nimwite shehe, na nikimaliza nipeleke habari kwa dada zake Busia. Akasema, "Waambie nimeingia eda. Waambie Juma amekufa." Jioni ile hakuweka sahani ya pili.

Watu wakaja. Wale wanawake wa kibarazani walikuja na mihogo, na mkaa mkavu, na mmoja akaleta kuku, na hakuna aliyerudia habari ya balaa. Kwa kuwa mwenye eda hatoki, Bi Zuhura alikaa mle ndani na dada yangu na mtoto wakati wote huo, mwanamke wa Kiislamu aliyefiwa na mwanamke wa Kijopadhola aliyefiwa, katika chumba kimoja kinachovuja. Niliwasikia mchana nikiwa kwenye cherehani. Wakati mwingine Nyadoi alimwuliza jinsi ya kusema jambo fulani kwa Kiswahili, naye Bi Zuhura alirudia polepole. Homa ya dada yangu ilishuka. Owor alirudi vita vilipokwisha, amekonda na mkali kidogo, wakazaa wengine. Bi Zuhura hakuolewa tena. Alikaa Tororo na cherehani yake hadi uzee, na kila mavuno Nyadoi alimpelekea mtama, na kila mara alipokwenda alimchukua Adongo ili akaonekane. Bi Zuhura alipofariki, nilikuwa nimeolewa mbali, upande wa Masinya, na habari ilinifikia baada ya maziko. Hilo bado linaniuma.

Lakini jinsi Adongo mwenyewe alivyopona bado sijaieleza. Kwa muda mrefu baada ya dada yake kuondoka hatukujua kama amepona. Alikuwa hai tu, leo hai, kesho hai, amevaa mfuko wake wa sufu, kofia iliyomfika puani na soksi kubwa kuliko miguu. Hakuna aliyethubutu kumvua. Tulimbadilisha kipande kwa kipande, kama watu wanaolinda moto kwenye upepo. Mvua zikaanza kupungua, na asubuhi moja niliamka nikaona mwamba wote, toka chini mpaka kileleni, na anga nyuma yake bluu. Mchana kukawa na jua la kweli, bati likaanza kulia likipanuka. Nilikuwa naanika lihafu uani niliposikia mtoto akilia. Hakuwa na ile sauti ya mlango. Alikuwa akilia kwa nguvu, kwa ghadhabu, bila kupumzika, kilio ambacho tulikuwa hatujawahi kumsikia nacho. Nikakimbia ndani. Nyadoi alikuwa amemshika mbele yake kwa mikono miwili, uso wa mtoto umewiva mwekundu, na dada yangu alikuwa akisema huyu naye anaondoka, huyu naye. Bi Zuhura alijivuta kutoka kwenye mswala wake. Aliingiza vidole viwili shingoni mwa mtoto, chini ya ukingo wa sufu, akavitoa akavitazama. Vilikuwa vimelowa jasho. Akavionyesha kwa Nyadoi, akavionyesha kwangu, na uso wake ulikuwa na tabasamu ambalo sikuwa nimeliona tangu siku ya mfuko wa turubai.

"Mvue," alimwambia dada yangu. "Mtoto anasikia joto."